Programu za lugha tofauti ziamshane vipi? Tukio la Windows, semafo, soketi au Postgres

Ghala la korosho, mizani ya malori nje, na kompyuta moja ya Windows ndani ya kibanda cha karani. Kwenye kompyuta hiyo kuna programu tatu, kila moja na fundi wake na mwaka wake. Ya C++ inasoma uzito kutoka kwenye mizani kupitia kebo ya siriali. Ya Python inapiga picha namba ya gari. Ya C# ndiyo anayoiona karani: kilo kwenye skrini na kitufe cha kuchapa risiti. Uzito ukishatulia, ya C++ inatakiwa kuwaambia wenzake neno moja tu, "tayari". Kilo zenyewe zimeshaandikwa kwenye faili, hakuna mzigo mwingine wa kubeba.

Nilipokabidhiwa mfumo huo nikakuta neno hilo halisemwi. Python ilikuwa inachungulia faili kila baada ya sekunde mbili, C# kila sekunde moja. Siku za kawaida hakuna aliyelalamika. Msimu ulipopamba moto, dereva akishuka mizani upesi, picha ikawa inatoka ya mkia wa tela lake au ya bampa ya lori la nyuma. Ningeweza kupunguza muda wa kuchungulia, lakini kompyuta ingeshinda kutwa ikiuliza swali ambalo jibu lake ni "bado". Nilichotaka ni programu ilale usingizi wa kweli, kisha iamshwe.

Tangu hapo nimefanya kazi za aina hiyo kadhaa, kwenye Windows na kwenye Linux, na nimeshika njia karibu zote zinazotajwa. Nikiziweka ubavu kwa ubavu, lugha uliyoandikia programu haiamui mengi. Kinachoamua ni maswali matatu. Ukiitwa mara tatu kabla hujaamka, utaamka mara ngapi? Wanaosikiliza ni mmoja au ni wengi? Na anayeita akifa, nani atajua?

Tuondoe kwanza yasiyohusika. Zana za kusubiriana kama threading.Event ya Python, CountDownLatch ya Java na ManualResetEventSlim ya C# zinaishi ndani ya mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa, nje ya hapo hazijulikani. multiprocessing.Event inawadanganya wengi kwa jina lake: kweli inavuka michakato, lakini ni ya wana wa Python waliozaliwa na mzazi mmoja. Haina jina ambalo programu ya C++ inaweza kuliita. Lugha mbili zisizofahamiana zinahitaji kitu kinachomilikiwa na mfumo endeshi, au na seva ya pembeni, ambacho kila mmoja anakifikia kwa jina au kwa anwani.

Tukio lenye jina la Windows

Hapa ndipo Windows inapoipita Linux waziwazi. Unaita CreateEvent, unatoa jina, na keneli, kiini cha mfumo endeshi, inakutengenezea kitu kimoja chenye hali mbili, kimewaka au kimezimika. Yeyote mwenye jina na ruhusa anakifungua kwa OpenEvent, anakisubiri kwa WaitForSingleObject, na anakiwasha kwa SetEvent. C# ina EventWaitHandle, Go ina kifurushi cha x/sys/windows, Java inafika kwa JNA, Python kwa pywin32 au ctypes, ambazo ni maktaba za kuita kazi za mfumo wenyewe. Lugha zote hizo zinagonga mlango uleule wa kernel32, maktaba ya msingi ya Windows.

Kuna aina mbili. Moja hujizima yenyewe mara tu inapomwamsha mtu mmoja. Nyingine hubaki inawaka hadi mtu aizime kwa ResetEvent, na kwa muda wote huo kila anayekuja anapita. Mimi nilianza na ya kwanza, tukio moja, wasikilizaji wawili. Lori la kwanza: kilo zikatokea kwa karani, picha hakuna. Lori la pili: picha ipo, skrini kimya. Programu mbili zilikuwa zinagombea hodi moja, na keneli humfungulia mmoja tu. Nikahamia aina ya pili, nikakuta tatizo jingine: nani azime? C++ ikizima haraka, aliyechelewa kidogo anakosa. Ikichelewa kuzima, aliyemaliza kazi anarudi kusubiri, anakuta bado inawaka, anapiga picha ya pili na ya tatu. Dawa yake ni rahisi na sijawahi kuijutia: kila msikilizaji awe na tukio lake linalojizima lenyewe. C++ inawasha mawili, MizaniTayari.Kamera na MizaniTayari.Skrini. Ukikuta mahali wanakushauri PulseEvent kama njia ya mkato, ipite. Microsoft yenyewe inasema isitumike kwa sababu si ya kutegemewa.

Jambo la pili, tukio halihesabu. Mgeni akibisha hodi mara tatu wewe umelala, ukiamka unafungua mlango mara moja. Kwa mizani hiyo ni sawa kabisa, kwa kuwa aliyeamka anasoma kilo za sasa kwenye faili. Kwa foleni ya kazi ambapo kila hodi ni kazi yake, ni balaa.

Lakini kilichokula siku yangu nzima ni mstari huu wa Python:

```
h = k32.CreateEventA(None, False, False, "MizaniTayari")
```

Haukutoa hitilafu yoyote. Kishikio, ile namba ya kukishikia kitu cha keneli, kilirudi, kusubiri kukaanza, na hakuna kilichotokea. Baadaye tukaongeza skripti nyingine ya Python ya geti, yenye tukio lake MlangoWazi, na ndipo kioja kikaanza: kamera inapiga picha kila geti linapofunguliwa. Majina hayafanani hata kidogo, ila yanaanza na M. Kumbe ndiyo siri yenyewe. Ctypes ikipewa maandishi ya kawaida ya Python inayapeleka kama herufi za baiti mbili mbili. CreateEventA, ile ya mwisho A, inasoma baiti moja moja. Inaona M, kisha sifuri, na kwake sifuri ni mwisho wa jina. Skripti zote mbili zilikuwa zimetengeneza tukio moja linaloitwa "M", zikawa zinaamshana wenyewe kwa wenyewe, huku C++ ikiita jina kamili ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Mafunzo mawili yako humo. Tumia zile zenye W mwishoni, zinazosoma baiti mbili mbili, na utangaze aina za vigezo. La pili ni kubwa zaidi: msikilizaji asitumie CreateEvent. Create ikikosa kitu inakitengeneza, kwa hiyo jina lililokosewa linazaa tukio jipya ambalo halitawashwa milele. OpenEvent ikikosa inakwambia hapohapo kwa hitilafu namba 2. Leo yangu iko hivi:

```
k32 = ctypes.WinDLL("kernel32", use_last_error=True)
k32.OpenEventW.argtypes = [wintypes.DWORD, wintypes.BOOL, wintypes.LPCWSTR]
k32.OpenEventW.restype = wintypes.HANDLE
h = k32.OpenEventW(0x00100000, False, "Global\\MizaniTayari.Kamera")
```

Namba ile ndefu ni ruhusa ya kusubiri tu, msikilizaji hahitaji zaidi. Anayetaka kuwasha aongeze 0x0002.

Kuna sababu nyingine ya kumwachia mmoja kazi ya kutengeneza. Tukio likishakuwapo, anayeita CreateEvent kwa jina hilohilo anapewa lililopo, na vigezo vyake vya aina na hali ya mwanzo vinapuuzwa kimyakimya. Dalili pekee ni GetLastError kurudisha 183. Kama C# inataka linalojizima na Python linalozimwa kwa mkono, atakayewahi kuwashwa asubuhi ndiye ataamua, na mfumo utabadilika tabia kulingana na karani alibofya ipi kwanza. Hitilafu za namna hiyo ndizo zinazoitwa mashetani.

Hilo "Global\" nalo lina hadithi. Tangu Windows Vista, huduma zinazojiwasha na kompyuta zinakaa sesheni 0, kikao cha mfumo wenyewe, na mtumiaji aliyeingia kwa nywila yake yuko sesheni nyingine. Jina lisilo na kiambishi linabaki ndani ya sesheni yake. Siku tulipoigeuza programu ya C++ kuwa huduma, kila kitu kilikatika ingawa hatukugusa msimbo wa upande wa pili. Ukiweka Global, jina linaonekana pande zote, lakini bado kuna mlinzi: huduma inayoendeshwa kama SYSTEM inatengeneza tukio ambalo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi, na Python itapata hitilafu namba 5. Ni lazima anayetengeneza atoe ruhusa kwa maandishi. Pia herufi kubwa na ndogo kwenye jina ni tofauti, jambo ambalo mtu aliyezoea faili za Windows halitarajii.

Na akifa anayeita? Tukio halisemi kitu. Msikilizaji ataendelea kusubiri mpaka kiama. Hata hivyo Windows inatoa njia nzuri: kishikio cha mchakato wenyewe nacho kinasubirika, na kinawaka mchakato ukifa. Unasubiri viwili kwa pamoja kwa WaitForMultipleObjects, tukio na uhai wa C++, kisha unaangalia ni kipi kimekuamsha. Ukomo ni vishikio 64 kwa wito mmoja, wengi kuliko anaohitaji karani wa mizani. Mwisho, wote wakifunga vishikio vyao tukio linafutika, halibaki taka ya jana. Kumbuka hilo tukifika Linux.

Linux: semafo yenye jina

Mtu akihamisha mfumo kama huu kwenda Linux anatafuta tukio lenye jina, halipo. Hata .NET, jukwaa la C#, imekata tamaa hapo: EventWaitHandle yenye jina nje ya Windows inakutupia PlatformNotSupportedException. Kilicho karibu ni semafo ya POSIX (kihesabio cha hodi chenye jina, kwa viwango vya Unix), sem_open, na wengi wanaishika kwa kuwa inafanana. Ina jina, kuna kupost na kusubiri. Mfanano unaishia hapo.

Semafo inahesabu. Hodi tatu ni kuamka mara tatu, hata kama lori ni lilelile. Haiwezi kuwaita wote kwa pamoja, kila hodi ina mtu mmoja. Kwa foleni ya kazi hii ni sifa njema, na hapo inalishinda tukio la Windows. Kwa taarifa ya "hali imebadilika" ni adha, maana msikilizaji lazima azikombe hodi zote zilizorundikana kabla ya kufanya kazi.

Kifo ndicho kinachonikimbiza. Semafo ni faili ndani ya /dev/shm, inakaa mpaka mtu aite sem_unlink au mashine izimwe. Programu ikianguka na hesabu ni 2, ikiwashwa upya itaikuta 2, na kamera itapiga picha mbili za uwanja mtupu. Hakuna anayeambiwa kwamba mwenzake amekufa.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia kontena, yale mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu. Kwanza kila kontena la Docker lina /dev/shm yake, kwa hiyo jina moja ni semafo mbili mpaka uziunganishe kwa --ipc. Ukishaunganisha, jihadhari na kuchanganya Debian na Alpine, ambazo ni aina mbili za Linux. Maktaba ya C ya Debian, glibc, inaiita faili sem.mizani, ile ya musl inayotumiwa na Alpine haiweki hilo "sem." mbele. Na hata ukibadilisha jina la faili kwa mkono, hakuna aliyeahidi kwamba maktaba mbili zinapanga biti za ndani kwa namna moja. Kusubiri kwa ukomo wa muda nako kuna kasoro: sem_timedwait inataka saa ya ukutani, ambayo ikirekebishwa na mtandao muda wako unarefuka au unafupika, na kwenye macOS haipo kabisa. Java haina semafo hizi ndani yake, utapita JNA, au njia rasmi ya kuita maktaba za C iliyokamilika na Java 22 mwaka 2024.

Kwa hiyo semafo naiweka mahali pamoja tu: programu mbili za C au C++, mashine moja, maktaba moja, na ni foleni kweli.

eventfd, kihesabio cha keneli ya Linux cha kuamshia, nitaigusa kwa ufupi. Ipo tangu Linux 2.6.22, ni nyepesi, inasubirika pamoja na soketi ndani ya epoll (wito wa Linux wa kusubiri vitu vingi kwa pamoja), na Python imeifungulia mlango tangu 3.10. Ila haina jina. Programu mbili zisizo za mzazi mmoja kwa kawaida zitapeana kishikio kupitia soketi ya Unix (njia ya mawasiliano ya programu za mashine moja), na ukishakuwa na soketi ya Unix kati yao, swali ni kwa nini usiitumie hiyohiyo kuita.

Bomba lenye jina na soketi ya Unix

Bomba lenye jina, lile la mkfifo, lina sifa moja ninayoipenda kupita zote: unalijaribu kwa echo. Lugha yoyote inayofungua faili inaliweza, hata skripti ya bash. Unaandika baiti moja, msomaji anaamka. Lakini kulifungua kunagandisha mpaka upande wa pili nao ufungue, jambo linalowashangaza wengi siku ya kwanza. Waandishi wote wakiondoka msomaji anapata mwisho wa faili, na asipolifungua upya atazunguka akisoma utupu huku prosesa ikipanda hadi asilimia 100. Wasomaji wawili kwenye bomba moja wanagombea kama kwenye tukio langu la kwanza. Kwa mwitaji mmoja na msikilizaji mmoja, linatosha.

Soketi ya Unix ndiyo chaguo langu la kawaida kwenye Linux, hata kama mwanzoni inaonekana ni kazi kubwa kwa neno moja "tayari". Programu ya mizani inakuwa seva kwenye /run/mizani.sock, wengine wanajiunga, na uzito ukitulia kila aliyejiunga anaandikiwa mstari mmoja. Angalia maswali yetu matatu. Wengi? Kila mmoja ana njia yake, hakuna kugombea. Hodi tatu? Mistari mitatu, na kwa kuwa ni maandishi unaweza kuweka namba ya lori ndani yake ujue ipi ni ipi. Kifo? Keneli inafunga soketi ya marehemu na wenzake wanajua papo hapo, bila kuweka mapigo ya moyo wala kupima muda. Hilo la mwisho peke yake limeniepusha na simu nyingi za usiku.

Node, Go, PHP, Ruby na Python zinaijua tangu zamani, Java tangu toleo la 16 la mwaka 2021. Kwenye Windows mambo hayako sawa hivyo. Windows 10 toleo 1803 lilileta soketi za Unix, lakini si kila lugha inazifungua hapo: Node, kwa mfano, ukiipa anwani ya namna hiyo inatumia paipu yenye jina ya Windows, ambayo ni kitu kingine. Ukilazimika kuandika msimbo mmoja kwa mifumo yote miwili, chukua TCP kwenye 127.0.0.1 na ukubali kwamba mtumiaji yeyote wa mashine hiyo anaweza kugonga hodi. Faili ya soketi angalau unailinda kwa chmod.

Kama Postgres ipo tayari

Watu wengi wana hifadhidata kama Postgres katikati ya programu zao zote na hawajui kwamba inaweza kuita. Mmoja anasema LISTEN mizani, mwingine NOTIFY mizani, basi. Uzuri wake mkubwa ni muda: taarifa inatoka pale tu muamala unapokamilika. Aliyeamshwa akisoma jedwali anazikuta kilo, hawezi kufika kabla ya data. Njia zote za juu hazikupi hilo, na kwenye mizani nililazimika kuwa mwangalifu faili ifungwe kwanza ndipo tukio liwashwe.

Mipaka yake: ujumbe uwe chini ya baiti 8000, taarifa zinazofanana ndani ya muamala mmoja zinakunjwa kuwa moja, na asiyekuwapo hatunziwi. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiugeuze: sema LISTEN kwanza, kisha soma jedwali kuona yaliyopita, ndipo usubiri. Ukisoma kwanza, lori litakaloingia kati ya kusoma na kusikiliza litapotea, na litapotea mara moja kwa wiki, siku ambayo huwezi kulirudia. Dereva ya JDBC, ile ya Java, haikuiti yenyewe, lazima wewe uite getNotifications. Na PgBouncer, programu ya kati inayogawa miunganisho ya Postgres, ikiwa inaigawa kwa kila muamala, LISTEN haitafanya kazi kupitia hapo.

Redis, hifadhi ya data ya kwenye kumbukumbu, kwa mfumo wa kutangaza na kusikiliza ni vilevile, asiyekuwapo amekosa, bila faida ya muamala. Ukitaka hodi itunzwe, tumia orodha na amri ya kusubiri BLPOP, ambayo ni semafo inayovuka mtandao kwa jina jingine.

Nilichochagua

Ghalani nilibaki na matukio ya Windows. Mashine moja, mfumo endeshi mmoja, wasikilizaji wawili wanaojulikana, na neno lisilo na mzigo: hakuna kilichohitaji seva. Huduma ya C++ inatengeneza na kutoa ruhusa, wengine wanafungua tu na wakikosa wanajaribu tena baada ya sekunde tano. Python inasubiri kwa vipande vya milisekunde 500, kwa sababu WaitForSingleObject isiyo na ukomo haisikii Ctrl+C na fundi wa zamu anaishia kuua mchakato kwa Task Manager. Ingekuwa Linux ningeweka soketi ya Unix bila kufikiri mara mbili.

Juzi wamenipigia. Wanajenga mizani ya pili upande wa pili wa uwanja, yenye kompyuta yake, na karani aone zote mbili kwenye skrini moja. Global inavuka sesheni, haivuki kebo ya mtandao. Kilo tayari zinaingia Postgres kila jioni kwa ajili ya ripoti, sasa zitaingia lori likiwa bado juu ya mizani. Msimbo wa C# wa kusubiri tukio una mistari kama kumi na miwili, nimeanza kuufuta.